Aliyeosha Sahani Kwenye Matanga

Waliokuwepo siku tulipomzika binti yangu ni hawa. Mimi, mama yake. Kaka yake, mtoto wangu wa kwanza, anayelima kahawa hapa Bugoye, ndiye aliyesimamia kaburi. Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo za kanisa na ulimi usiopumzika. Mkwe wangu, mume wa marehemu, Mluhya wa Kenya aliyekuja huku Uganda, Kasese, kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji akaoa hapa akabaki. Mjukuu wangu, mtoto wao mmoja, msichana wa darasa la tatu. Majirani wa Kasese mjini na majirani wa huku mlimani, na watu wa kanisa. Halafu mama mmoja mnene kutoka Bwera, muuza mawese, ambaye hatukumjua ila tulisikia kuwa alifanya biashara sokoni pamoja na marehemu. Na pamoja naye msichana mrefu aliyefunga kitambaa kichwani.

Huyo msichana nilimwona nyuma ya jiko, anaosha sahani. Aliniletea chai, nikanywa. Sikuuliza ni wa nani. Kwenye matanga anayeosha sahani haulizwi, anashukuriwa.

Majina ya wote ninayo kichwani. Watu wa huku wakisahau jina la babu yao wanakuja kwangu, nami nawapa pamoja na jina la mke wa kwanza ambaye hawakutaka kumsikia. Lakini humu sitaandika jina hata moja. Wengi wako hai, na haya ni mambo ya ndani ya nyumba. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkono unakwenda polepole. Naandika kwa Kiswahili cha sokoni kwa sababu ndicho tunachoelewana sote: mimi, mkwe wangu, na hao wengine nitakaowataja.

Kwanza nieleze jambo la majina kwa wasio wa kwetu. Sisi Bakonzo hatuhangaiki kutafuta jina la mtoto. Jina linamsubiri. Binti wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu lake, na wavulana hivyo hivyo. Ukiniambia jina lako, nimeshajua ulitoka wa ngapi. Na mtoto akifa, hata akizaliwa amekufa, anaondoka na nafasi yake. Anayemfuata hapewi.

Mjukuu wangu ana jina la binti wa pili. Kwetu hakuna aliyeshangaa. Binti yangu kabla hajaolewa alikaa Bwera mwaka mzima akijifunza kushona. Aliporudi alikuwa amekonda, akaniambia jikoni, tukiwa wawili tu, kwamba alizaa mtoto wa kike huko, akatoka amekufa, wakamzika huko huko. Tulilia pamoja. Watu wa nyumbani walikuja kujua, lakini baba yake hakutaka habari hiyo itajwe ndani ya nyumba, na haikutajwa. Kwa hiyo alipoolewa na kuzaa msichana, jina la wa pili lilikuwa sawa.

Sasa turudi kaburini. Walipokuwa wanashusha jeneza, kila mtu alilia kwa jina alilomjua nalo. Mimi nilimlilia kwa jina nililompa. Majirani wa Kasese walilia Mama Fulani, wakataja jina la mjukuu wangu, maana ndivyo alivyoitwa mjini. Kisha yule mama wa Bwera akapaza sauti, naye akalia Mama Fulani. Lakini jina alilotaja lilikuwa la binti wa kwanza.

Wifi yangu alinigusa kwa kiwiko. "Huyu amekosea msiba?"

"Uchungu umemchanganya," nikasema.

Nilisema hivyo, lakini sikuyaamini maneno yangu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa amekufa ana nafasi yake, ndiyo, lakini hampi mama yake jina la kuitwa. Mwanamke haitwi mama wa mtoto ambaye hakuna mtu aliyemwona akikimbia uani. Na yule mama hakulisema kama mtu anayebahatisha. Lilitoka laini, kama limekuwa likitumika kila siku.

Nilipomtafuta baada ya maziko alikuwa ameshaondoka, yeye na yule msichana. Sahani zote zilikuwa zimekauka, zimefunikwa vizuri juu ya majani ya mgomba.

Siku za kukaa matanga mtu anakaa na mawazo. Mimi nilikaa na viatu. Binti yangu alikuwa anakwenda Bwera kila siku ya soko na vitenge vyake, mvua au jua. Akirudi na vitu vya mtoto, vilikuwa viwili viwili: viatu vya mtoto wake, na vingine vikubwa zaidi. Sketi ndogo, na sketi kubwa. Nikimuuliza hiyo nyingine ya nani, ananijibu, "Ya kuuza, Mama." Mimi naona sawa. Lakini binti yangu aliuza vitenge maisha yake yote. Sikuwahi kumwona ameuza kiatu.

Na jambo lingine. Alipozidiwa na ugonjwa wa moyo alimwomba mume wake asimpeleke Kenya, azikwe Bugoye. Mume alikubali, ingawa kwao walinuna. Sote tulidhani anataka kulala karibu na baba yake. Nikaanza kufikiri kwamba alitaka kulala mahali ambapo mtu wa Bwera anaweza kufika kwa gari na boda.

Mwanangu alinikuta kwenye mikeka ya kahawa, nageuza kahawa iliyokwisha kugeuzwa.

"Mama, ulisikia yule mama alivyolia?"

"Nilisikia."

"Basi sahau."

"Nisahau jina? Mimi?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akachuchumaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji akijua alidanganywa miaka yote, atamchukua mtoto ampeleke kwa mama yake Kenya. Na atakuwa na haki. Wewe utabaki na nani hapa?"

Hapo alinishika penyewe. Mkwe wangu anafanya kazi kwa zamu, mara mchana, mara usiku, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto akae na mimi, asome hapa Bugoye, yeye aje Jumapili. Mtoto alikuwa ameshachagua upande wake wa kitanda, upande wa ukuta. Alikuwa ananiuliza maswali. Kama kule chini mama yake anasikia baridi. Kama mtu akifa siku ya soko vitenge vyake vinauzwa na nani. Huyo ndiye niliyekuwa nimebaki naye, na huyo ndiye ningeweza kumpoteza kwa kufungua mdomo.

Siku ya kumaliza matanga wifi alishika wembe akatunyoa. Mtoto aliinamisha kichwa bila kuambiwa, vile vile mama yake alivyokuwa akiinamisha nikimsuka. Nywele zilipokwisha kukusanywa, wifi akauliza kama anavyouliza katika kila msiba wa nyumba yetu, ili asibaki hata mmoja ambaye hajanyolewa, "Watoto wa marehemu wamekwisha?"

Mwanangu akajibu haraka, "Wamekwisha."

Mimi ndiye niliyetakiwa kusema, kwa kuwa mimi ni mama. Mdomo haukufunguka. Wifi aliniangalia, akaangalia wembe, akaufunga kwenye karatasi yake. Nadhani alielewa kuwa kuna jambo, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Siku ya soko iliyofuata nilimpeleka mtoto shule, nikapanda gari la Bwera.

Soko la mpakani linajaa watu wa pande zote mbili, na Kiswahili cha huko ni cha Kongo. Niliuliza mama wa mawese yuko wapi, wakanionyesha kwa kidole. Alikuwa amekaa katikati ya madumu yake mekundu. Aliponiona hakushangaa. Alivuta kiti, akakipangusa kwa kitenge chake mwenyewe.

"Karibu, Mama. Nilijua utakuya."

"Ulijuaje?"

"Kinywa yangu ilikosea pale kwa kaburi. Njia yote ya kurudi nilikuwa nasema, leo nimetoboa siri ya mutu, na mwenyewe hawezi tena kunigombeza."

"Kwa hiyo mtoto yupo."

"Mutoto iko."

Akanieleza. Mwaka ule wa kushona binti yangu alikuwa anapanga chumba nyumbani kwake. Mwanaume alikuwa dereva wa upande wa Beni, huko Kongo. Vita vilipochachamaa alikwenda kuwatafuta ndugu zake, na hakurudi. Mtoto akazaliwa mzima. Neno likatoka nyumbani, kutoka kwa mume wangu, kwamba binti arudi, lakini arudi peke yake.

"Mzee alijua?" nikauliza.

"Mzee alikuya mara moja. Alimubeba mutoto. Alilia sana, Mama, nguo ya mutoto ilikuwa maji. Kiisha akamurudisha kwa mikono yangu."

Mume wangu huyo alilala kitandani kwangu mpaka alipofariki, na kabla ya kila chakula alituombea sote kwa majina. Nilijaribu kukumbuka kama kuna jina lolote alilokuwa analipitisha chini ya pumzi yake. Sikumkasirikia siku ile. Hasira zilikuja baadaye, nikiwa napalilia maharage, na mpaka leo siku nyingine zinakuja.

"Mtoto yuko wapi?"

"Iko nyuma, anapima mafuta."

Akaitwa. Akatoka yule yule msichana mrefu, anafuta mikono. Akapiga magoti kunisalimia, na alipopiga magoti alivua kitambaa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

Sikuweza kuuliza swali lolote kubwa. Niliuliza dogo. "Nani amekunyoa?"

"Nilijinyoa, Bibi."

"Nyuma hapa umeacha."

"Sikuona, Bibi."

Kulikuwa na kijisehemu cha nywele karibu na shingo, cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Niliomba wembe kwa muuza sabuni wa jirani, nikamgeuza, nikamaliza. Watu walikuwa wanapita na makapu yao, wengine wakasimama kuangalia bibi anamnyoa msichana mkubwa hivyo sokoni. Mama wa mawese akawafukuza. "Munaangalia nini? Nunueni mafuta ao mupite."

Nikamuuliza, nikiwa bado nyuma yake, "Siku ile uliniletea chai. Ulinijua?"

"Nilikujua. Mama alikuwa ananionyesha picha yako kwenye simu. Umeshika kuku."

"Kuku gani?"

"Mweupe. Anataka kukimbia."

Nilimkumbuka kuku huyo. "Mbona hukusema basi?"

"Mama aliniambia nisiseme mpaka aseme mwenyewe." Akapangusa nywele shingoni. "Halafu hakusema."

Nilirudi Bugoye na dumu dogo la mawese nililokataa na kulazimishwa. Njia nzima nilikuwa napima. Nikinyamaza, mjukuu mmoja anabaki kitandani kwangu na mwingine anabaki anajinyoa peke yake. Nikisema, naweza kubaki sina hata mmoja, maana huyu mkubwa hana sababu ya kunipenda. Mwanangu aliposikia nilikokwenda hakunigombeza. Alisema tu, "Basi mwambie wewe. Mimi siwezi."

Mkwe alikuja Jumapili na mkate na sukari, kama kawaida yake. Mtoto alikuwa bado kanisani na wenzake. Nikamwambia yote, tangu kushona mpaka wembe. Alisikiliza akiwa ameshika kofia yake. Sikuona hasira usoni, na hilo liliniogopesha zaidi.

Swali lake la kwanza sikulitegemea. "Jina la mtoto wangu," akasema, "aliniambia ni la nyanya yake."

Kumbe kwao ndivyo wanavyofanya, mtoto hupewa jina la mzee aliyetangulia. Binti yangu alikuwa amempa kila upande maneno ya kuutosha. Kwetu alisema wa kwanza alikufa. Kwa mume wake alisema hili ni jina la bibi, na mume akafurahi, na mama yake kule Kenya akafurahi.

"Nyanya yupi?" akauliza. "Mama yako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno ya kutosheleza watu. "Mama yangu alikuwa binti wa nne," nikasema. "Mama wa mume wangu alikuwa wa kwanza. Jina hilo ni la wa pili."

Akaigeuza kofia mikononi. "Kwa hiyo miaka yote hii, kila nikimwita mtoto wangu, ninyi nyote mlisikia kwamba kuna aliyemtangulia. Mimi peke yangu sikusikia. Na mimi ndiye niliyekuwa naita."

Nilimwambia kwamba nasi tulisikia mtoto aliyekufa, hatukusikia aliye hai. Akatikisa kichwa kukubali, lakini haikumsaidia.

Shule zilikuwa zinafungwa wiki hiyo. "Nampeleka kwa mama yangu likizo hii," akasema.

"Atarudi?"

"Mama, usiniulize leo."

Nilimfungia mtoto nguo zake. Nilifungia na sweta, kwa sababu sikujua kwao kuna baridi ya namna gani. Alipanda boda mbele ya baba yake, akageuka akaniuliza, "Bibi, upande wangu nani atalala?"

"Nitauwekea mto."

Hatukukaa wawili muda mrefu, mimi na mto. Yule mkubwa alikuja bila kuitwa, na furushi moja, akasema amesikia kwamba nimebaki peke yangu wakati wa kuchuma kahawa. Anachuma haraka na hazungumzi sana. Usiku alilala kwenye ukingo, akaacha upande wa ukuta wazi.

Wifi alikuja kumkagua. Alizunguka, akamtazama mbele na nyuma kama anayenunua mbuzi. "Ndiye wewe uliyeosha sahani zangu ukavunja moja."

"Ilikuwa imevunjika, Bibi. Niliikuta hivyo."

"Nani kakuambia?"

"Ufa wake ulikuwa mweusi. Ufa mpya ni mweupe."

Wifi akanigeukia. "Huyu ni wetu. Paji la uso ni la kaka yangu, na anajibu." Kisha akakaa chini akalia, kwa kaka yake nadhani, na kwa alichotuficha.

Shule zikafunguliwa. Watoto wakapita barabarani na sare zao, wangu hakuwemo. Mwalimu akauliza, nikasema yuko njiani, na sikujua kama ni uongo. Wiki ikaisha. Kila boda iliyopunguza mwendo kwenye daraja ilinisimamisha. Mwanangu akaacha kunitazama usoni. Yule msichana akaanza kukunja nguo zake, akasema, "Bibi, mimi nirudi Bwera. Labda akisikia nimeondoka atamleta."

"Kaa chini," nikamwambia. "Wewe si mzigo wa kushushwa ili gari lipite."

Walifika siku ya mvua, mchana. Tulikuwa tunakimbiza mikeka ya kahawa ndani, mimi na yeye, kila mmoja ameshika upande wake. Mtoto aliruka kutoka kwenye boda kabla haijasimama, akanikumbatia miguu, kisha akaona kile kichwa ambacho nywele zilikuwa zinaota sawa na zake. Akasimama akikitazama. Hakuuliza kitu. Baadaye nilijua kwamba baba yake alikuwa amemweleza njiani.

Mkwe alikuwa amelowa, na mfuko mikononi. Alimsalimia yule msichana, akasema, "Wewe ndiye wa kwanza."

"Ndiyo."

Akatoa viatu kwenye mfuko, vidogo vya mtoto wake, na vingine vikubwa. "Namba yako siijui. Nilikadiria kwa mama yako."

Msichana akavivaa pale pale mlangoni. Binti yangu alikuwa na miguu midogo. Kisigino cha huyu kilibaki nje. "Vinatosha," akasema. "Asante."

"Havitoshi," mtoto akasema. "Anadanganya, Baba. Angalia nyuma."

"Naona," mkwe akasema. "Basi ni mtoto wa mama yake kweli."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu kaburini. Kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa kofia, nasi tukaangalia mvua ili amalize.

Akinywa chai aliniambia kilichomrudisha. Alikuwa amemweleza mama yake yote, akitegemea kwamba atamwunga mkono. Mama yake akamuuliza jambo moja, huyo mkubwa sasa anakula kwa nani. Akasema hajui. Mama yake akamwambia arudi akajue, ndipo akasirike vizuri. "Bado nina hasira naye," akasema. Alimaanisha mke wake. "Nikija Jumapili nitakuwa napita kaburini namwambia." Nikasema ni sawa, hata mimi nina wa kumwambia pale pale, wamelala karibu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kaburini sote. Wifi alikuja na wembe wake kwenye karatasi. Hakumnyoa mtu, aligusa tu kichwa cha kila mmoja wetu, na alipomaliza aliuliza lile swali lake. "Watoto wa marehemu wamekwisha?"

Nilifungua mdomo. Mtoto akaniwahi.

"Wamekwisha," akasema. "Tuko wawili."

Sasa analala katikati, sisi wawili pembeni, na anapiga mateke. Likizo atakwenda Kenya, na safari hii amesema haendi peke yake.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Kama ulikuwepo na sikukutaja, au kama nimekuweka mahali pasipo pako, pita Bugoye uniambie, kalamu bado ninayo. Mwanangu amesema siku ya kaburi yule msichana hakuleta chai bali uji. Wifi anashikilia kwamba sahani ilivunjwa. Mimi nimeandika nilivyoona, na niko tayari kurekebishwa na mtu yeyote aliyekunywa kutoka mkononi mwake.